Je, Wajua? Namba Ndogo Inayoamua Nini Kife Ndani ya Kompyuta

Chini ya kila programu unayoifungua kuna kerneli, sehemu ya mfumo endeshi inayogawa memori, diski na muda wa prosesa. Mikononi mwake mna mamilioni ya vitu vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja: faili zilizo wazi, soketi za mtandao, kurasa za memori. Kimoja kati ya hivyo kinapokuwa hakihitajiwi tena, nani anajua? Hakuna msimamizi anayezunguka kukagua. Kila kitu hubeba namba yake mwenyewe. Anayekuja kukitumia huongeza 1, anayemaliza hupunguza 1, na yule anayeifikisha sifuri ndiye anayekifuta. Utaratibu mzima ni huo, na ndani yake kuna maajabu ya kutosha kumkosesha mtu usingizi.

Faili uliyoifuta bado inakula diski

Diski ya seva imejaa. Msimamizi anakuta faili moja ya kumbukumbu za matukio yenye GB 40, anaifuta kwa amri ya rm, jina linatoweka. Anauliza tena kwa amri ya df: diski imejaa vilevile! Hakuna kilichoharibika. Mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanzia kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, haimpi mtumiaji njia ya kufuta faili moja kwa moja. Inampa njia ya kuliondoa jina lake tu. Faili yenyewe ina hesabu mbili, ya majina iliyo nayo kwenye diski na ya walioifungua, na haifi mpaka zote mbili zifike sifuri. Ile programu iliyokuwa ikiiandikia bado imeishika. Izime uiwashe upya, na GB 40 zitarudi papo hapo.

Ukitaka kuziona faili za namna hii kwenye Linux, mmoja wa mifumo ya jamii hiyo, andika lsof +L1, na zitajipanga mbele yako zile zote zisizo na jina lakini zenye mtu aliyezishika. Tena kuna faraja kwa aliyefuta kwa bahati mbaya: maadamu programu haijafungwa, yaliyomo bado yanasomeka kupitia folda ya /proc, na unaweza kuyanakili kabla hayajapotea. Waandishi wa programu nao wameligeuza jambo hili kuwa mbinu. Wanafungua faili ya muda, wanaliondoa jina lake hapohapo, kisha wanaendelea kuitumia. Programu ikianguka ghafla, kerneli inapunguza hesabu na kusafisha yenyewe. Tangu Linux 3.11 ya mwaka 2013 unaweza hata kuomba faili inayozaliwa bila jina kabisa.

Folda tupu ina 2

Tengeneza folda mpya kwenye diski yenye mfumo wa faili wa ext4, usiweke chochote ndani, kisha andika ls -ld. Namba ya kwanza utakayoiona ni 2. Ya kwanza kati ya hizo ni jina lake ndani ya folda mama, na ya pili ni ile nukta moja iliyomo ndani yake inayomaanisha "hapa hapa". Kila folda ndogo utakayoiongeza italeta nukta mbili zinazoelekeza juu, kwa hiyo folda yenye watoto 10 itaonyesha 12. Programu ya find iliitumia hesabu hii kwa ujanja mzuri: ikitoa 2, inajua ni folda ngapi za kutafuta, na ikishazipata zote haina haja ya kukiuliza kila kilichobaki kama nacho ni folda.

Hesabu hii ina kikomo: mfumo wa faili wa ext3 uliishia 32,000, ndiyo maana folda moja haikuweza kubeba zaidi ya folda ndogo 31,998. Mrithi wake, ext4, hufika 65,000, na folda ikipita hapo huandikiwa 1, yaani nimeacha kuhesabu. Watunzi wa mfumo mwingine wa faili, Btrfs, wamekata mzizi wa fitina: kwao folda zote ni 1 siku zote.

Kusimama tu kunatosha kuizuia flashi

Umefunga kila faili iliyokuwa kwenye flashi, lakini Linux inakataa kuiachia, inadai bado inatumika. Mara nyingi mkosaji ni dirisha la amri uliloliacha likiwa "limesimama" ndani ya folda ya flashi hiyo, maana kusimama ndani ya folda nako huongeza 1. Amri ya fuser itakutajia ni programu gani.

Wazo hili lilichapishwa 1960, na kasoro yake ikajulikana 1963

George Collins, aliyekuwa IBM, ndiye aliyechapisha mbinu ya kuhesabu marejeo, Desemba 1960. Mwaka huohuo, miezi michache kabla yake, John McCarthy wa MIT alikuwa amechapisha mbinu pinzani kwa ajili ya lugha yake ya Lisp: acha takataka zijae, kisha pita na ukusanye kila kisichofikika. Mnamo 1963 J. Harold McBeth akaonyesha pale mbinu ya Collins inapokwama. Vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kitakuwa na 1 milele hata kama dunia nzima imevisahau. Mashindano ya shule hizi mbili hayajaisha hadi leo, na huko mbele utaona yalivyoingia ndani ya kerneli yenyewe.

Baiti moja huzuia prosesa mbili kupotezeana hesabu

Chukua wauzaji wawili wa duka moja wenye daftari moja la madeni. Wote wanasoma kwa wakati mmoja: mteja anadaiwa 7,000. Kila mmoja ameuza kitu cha 1,000, kila mmoja anajumlisha kichwani, na kila mmoja anaandika 8,000. Elfu moja imeyeyuka na hakuna aliyeiba. Prosesa zenye viini vingi zinaweza kufanya hivyohivyo kwa kihesabio kimoja, na kwenye kerneli ile elfu iliyopotea ni mtu anayekitumia kitu ambacho hesabu inasema hakina mtu. Kwenye prosesa za Intel na AMD dawa ni baiti moja, F0, inayowekwa mbele ya amri ya kujumlisha. Inamaanisha: soma, ongeza na uandike kama tendo moja lisilogawanyika, wengine wasubiri.

Mstari mmoja uliokosekana, dakika 30, na mtumiaji wa kawaida anakuwa mkuu wa mashine

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa jinsi lilivyo dogo. Kerneli ya Linux hutunza funguo za siri za programu katika vicha. Programu inaweza kuomba ijiunge na kicha fulani, na kerneli ikaongeza 1 kwenye hesabu ya kicha hicho. Sasa, je, programu ikiomba kicha ambacho tayari inacho? Kerneli iliongeza 1, ikagundua kwamba ni kilekile, ikarudi mapema, na ikasahau kupunguza ile 1. Ulikosekana mstari mmoja tu wa msimbo.

Kosa la 1 halimuumizi mtu. Lakini hakuna kilichoizuia programu kuomba tena. Na tena. Hesabu ile ilikuwa ya biti 32, yaani baada ya kuongezwa mara 4,294,967,296 inazunguka na kurudi ilikoanzia, kama mita ya gari iliyojaa. Idadi hiyo ni zaidi ya nusu ya watu wote waliopo duniani, lakini kwa prosesa ni kazi ya muda mfupi: watafiti wa Perception Point walitumia Intel Core i7-5500, prosesa ya kawaida ya laptopu, wakaimaliza kwa takriban nusu saa. Hesabu ilipofika sifuri, kerneli ikaamini kicha hakina mwenyewe na kukifuta, huku programu bado imekishika. Nafasi ile ya memori ikajazwa data za mshambuliaji, kerneli ikazisoma ikidhani ni zake, na mtumiaji asiye na cheo chochote akawa na mamlaka yote juu ya mashine.

Kosa hilo, lililopewa namba CVE-2016-0728, lilikuwa limekaa ndani ya Linux tangu toleo la 3.8 la Februari 2013, likatangazwa Januari 2016. Na tukumbuke kwamba simu za Android, ziwe zimenunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue, zinaendeshwa na kerneli ya Linux.

Kama hesabu ile ingekuwa ya biti 64? Nimepiga mahesabu. Kwa kasi ileile, ile nusu saa ingekuwa miaka kama 245,000.

Kwa nini basi isiwe biti 64 kila mahali?

Kwa sababu ya kurasa. Memori yote hukatwa vipande vya baiti 4,096 viitwavyo kurasa, na kila kipande kina kadi yake ya maelezo, kwa kawaida baiti 64, yenye hesabu ya wanaokitumia. Laptopu ya GB 8 ina kurasa 2,097,152, kwa hiyo kadi peke yake zinakula MB 128. Ukiongeza baiti 4 tu kwenye kila kadi, laptopu inapoteza MB 8, ambazo si kitu. Seva yenye TB 1 ya memori inapoteza GB 1 nzima.

Kwa hiyo hesabu za kurasa zimebaki na biti 32, na mwaka 2019 Jann Horn wa Google alionyesha kwamba kwenye mashine yenye memori ya GB 140 hivi hata hizo zinaweza kujazwa zikazunguka. Kerneli ikafundishwa kukataa: ukurasa ambao hesabu yake imevuka nusu ya uwezo haupokei mtumiaji mwingine.

Ndani ya kerneli, sifuri ongeza moja si moja

Hesabu ikishafika sifuri, yupo tayari anayekibomoa kitu. Ukija nyuma yake na kuongeza 1, hujakifufua. Umejishikiza kwenye kifusi. Ndiyo maana aina mpya ya kihesabio iliyoingia Linux 4.11 mwaka 2017, iitwayo refcount_t, hukataa jumla hiyo na kupiga kelele kwenye kumbukumbu za mfumo. Ili kuitumia ilibidi kuupitia msimbo wa kerneli faili kwa faili na kubadili vihesabio vya zamani. Elena Reshetova wa Intel alikuwa mmoja wa waliobeba mzigo huo, na wazo lenyewe la kuvilinda vihesabio lilikuwa limetangulia kwenye mradi wa usalama wa PaX. Ni kazi isiyo na shangwe, lakini iliziba mlango ambao ile hila ya nusu saa ilipitia.

Kihesabio kikijaa, kinaganda kwenye hasi 1,073,741,824

Refcount_t ikivuka 2,147,483,647 haizunguki. Inarushwa hadi hasi 1,073,741,824 na kugandishwa hapo, na kitu kile hakifutwi tena maisha yake yote. Memori kidogo inapotea, na huo ndio uamuzi: afadhali kuvuja kuliko kutekwa.

Lakini kwa nini namba hiyo hasa? Kwa sababu iko katikati kabisa ya upande wa hasi, mbali na kingo zote mbili. Linux hairuhusu kazi zaidi ya 4,194,304 kuwepo kwa pamoja. Hata zote zingekivamia kihesabio sekunde ileile na kila moja ikapunguza au kuongeza 1 kabla hakijagandishwa upya, zingekisogeza sehemu moja tu kati ya 256 za umbali unaohitajika kukifikisha ukingoni. Mtu alikaa akayapima haya.

Unaweza kuituma soketi kupitia ndani ya soketi yenyewe

Programu mbili za mashine moja zinapozungumza kwa soketi za Unix, moja inaweza kumpelekea mwenzake faili iliyo wazi, si nakala yake bali ile ile. Ikiwa njiani, faili huhesabiwa kuwa inatumika. Na kwa kuwa soketi nayo huchukuliwa kama faili, basi hakuna kinachokuzuia kuiweka soketi A kwenye foleni ya B, na B kwenye foleni ya A, kisha kufunga zote mbili. Kila moja inabaki na 1, iliyoshikwa na mwenzake, na hakuna binadamu wala programu inayoweza kuzifikia tena. Ni kasoro ileile ya McBeth ya 1963.

Hapo ndipo Linux ililazimika kuazima silaha ya shule ya McCarthy. Ndani ya kerneli kuna mkusanya takataka mdogo, kwa ajili ya soketi hizi tu, aliyetokana na msimbo wa Barak Pearlmutter na kurekebishwa na Alan Cox mwaka 1996. Naye amewatoa watu jasho: kosa moja ndani yake lilielezwa hadharani kwa barua pepe mwaka 2016, halikuzibwa hadi 2021, na katikati hapo lilitumiwa kushambulia simu za Android za watu halisi. Mwaka 2024 Kuniyuki Iwashima aliuandika upya mkusanyaji huo kwa kutumia mbinu ya kutafuta mizunguko ambayo Robert Tarjan aliichapisha mwaka 1972.

Hesabu inaweza kuwa hasi na bado ikawa sahihi

Viini 64 vya prosesa vikigombania kihesabio kimoja, muda mwingi unaishia kwenye kupokezana. Kent Overstreet alileta dawa katika Linux 3.11 mwaka 2013: kila kiini kiwe na kihesabio chake. Kazi ikianzia kwenye kiini cha 3 na kumalizikia cha 7, cha kwanza kitasoma 1 na cha pili hasi 1. Ukikitazama kimoja kimoja ni upuuzi mtupu. Jumla yake ndiyo kweli. Gharama yake ni kwamba hakuna anayejua kama jumla imefika sifuri mpaka kitu kitangazwe kuwa kinafungwa, ndipo hesabu zote zinakusanywa mahali pamoja.

Wasomaji wenye haraka hawahesabiwi kabisa

Paul McKenney na John Slingwine, wakiwa kampuni ya Sequent miaka ya 1990, walikuja na njia ambayo msomaji haongezi wala hapunguzi chochote. Anayetaka kufuta kitu hukiondoa kwanza kwenye orodha ili mgeni mpya asikione, kisha husubiri hadi kila prosesa iwe imeacha kazi iliyokuwa ikifanya walau mara moja. Baada ya hapo hakuna msomaji wa zamani anayeweza kuwa amebaki. Njia hii, RCU, iliingia Linux mwaka 2002, na leo ndiyo inayotumika kerneli inapotafuta njia ya kila pakiti ya mtandao.

Kila sekunde 10, lalamiko lilelile

Waendeshaji wa seva wanaujua ujumbe unaosema kwamba kerneli inasubiri kifaa cha mtandao, mara nyingi kile kiitwacho lo, kiachiwe, na kwamba hesabu yake bado ni 1. Hujirudia kila sekunde 10, na wakati mwingine hauishi mpaka mashine izimwe. Yupo aliyechukua na hakurudisha. Lakini nani? Namba haina kumbukumbu. 1 ni 1 tu, haina jina la aliyeiweka. Katika Linux 5.17 ya mwaka 2022 Eric Dumazet aliongeza utaratibu wa stakabadhi: kila anayeongeza hupewa yake, yenye alama ya mahali kwenye msimbo alipochukulia, na akirudisha anairudisha nayo. Asiyerudisha anajulikana kwa mstari wake. Stakabadhi hizo zinagharimu memori na muda, kwa hiyo huwashwa wakati wa uchunguzi tu.

Kwa Rust, kupunguza hakusahauliki

Tangu Linux 6.1 ya Desemba 2022, sehemu za kerneli zinaweza kuandikwa kwa lugha ya Rust. Humo mwandishi haandiki mstari wa kupunguza. Kompaila ndiyo inayouweka kila mahali ambapo kazi inaisha, pamoja na ile njia ya kurudi mapema iliyowaponza watunza funguo wa 2013. Na chini yake kihesabio ni refcount_t ileile, kwa hiyo hata hapo kikijaa kitaganda kwenye hasi 1,073,741,824.